Daftari la Mvua na Kasi

Faraji Singano, fundi wa simu, alikuwa amelala chali chini ya nguzo namba kumi na saba, macho wazi, kama bado anakagua waya. Walimwona wanawake waliokuwa wakiteremsha kabichi sokoni Lushoto, asubuhi ya Jumatano. Kabichi zao zilikuwa bado zimetapakaa njiani pale walipoibwaga mizigo na kutimua mbio.

Inspekta Hadija Shekiondo alichuchumaa kando ya mwili. Ukungu wa mwezi wa sita ulikuwa umeifunika Kwemkuyu yote, na nguzo ya kumi na nane haikuonekana kabisa. Hadija alikulia milimani na hakuwahi kuupenda ukungu. Mtu yeyote anaweza kusimama hatua tano kutoka kwako na usimjue.

"Ameanguka, afande," alisema Koplo Ibrahimu. "Ngazi imeteleza."

"Ngazi iko wapi?"

"Ile pale."

"Hatua ngapi kutoka kwenye nguzo?"

Ibrahimu alihesabu. "Saba."

"Na miguu ya ngazi ilisimama wapi?"

Koplo aliinama. Kwenye udongo palikuwa na mashimo mawili, safi, yenye kina. Hapakuwa na mburuzo wowote.

"Ngazi iliyoteleza huchimba mfereji," Hadija alisema. "Hii imenyanyuliwa, mtu akiwa juu."

Koplo alitazama nyuma yake, kwenye ukungu, bila kujua kwa nini. Daktari wa wilaya alifika na kusema kisogo kimepasuka kwenye jiwe, na kwamba kwa jinsi mwili ulivyokakamaa, kifo kilitokea jana mchana, kati ya saa sita na saa tisa. Mahindi ya kando ya njia ndiyo yaliyomficha tangu wakati huo.

Watu walikuwa wameshajaa. Mmoja wao, mzee mrefu mwenye koti la kanisani, alisogea na blanketi lake mwenyewe akamfunika marehemu. Machozi yalimtiririka.

"Shikamoo, Mzee. Unamfahamu?"

"Marahaba. Mimi ni Hezekia Kaniki, mzee wa kanisa hapa. Huyu nilimfundisha kazi mimi. Nilipopunguzwa mwaka elfu mbili na moja, kampuni ilipouzwa, nilimwachia mkanda wangu wa kupandia nguzo. Huo aliouvaa."

"Pole sana. Jana alikuwa na kazi kwa nani?"

"Kwa jirani yangu Emanueli. Nyumba ya bati jekundu. Ana hiyo intaneti."

Hadija alimshukuru. Machozi ya mzee yule yalikuwa ya kweli, na alimhurumia.

Nyumba ya bati jekundu ilikuwa imefungwa kwa komeo mchana kweupe, jambo ambalo Kwemkuyu halijawahi kuonekana. Raheli, mke wa mwenye nyumba, aliwafungulia Hadija na Ibrahimu baada ya kuuliza mara tatu ni nani. Alipofunga tena aliegemea mlango kwa mgongo.

"Watatuua," alisema. "Wameanza na fundi, kesho ni mpimaji, kisha sisi."

"Mama, nani?"

"Hatumjui! Ndiyo maana naogopa!"

Mumewe, Mzee Emanueli Shemweta, aliketi mbele ya kompyuta akiwa amejifunga blanketi. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa msoma vipimo kwenye kituo cha utafiti Amani: mvua, joto, upepo, kila siku saa moja asubuhi, hata siku ya harusi yake. Raheli alikuwa hajamsamehe hilo. Mzee alitoa karatasi ya daftari la shule na kuiweka mezani. Iliandikwa kwa herufi kubwa: MPIMAJI WAKO AKIJA ALHAMISI HARUDI KWAO.

"Ilipitishwa chini ya mlango Jumamosi," alisema.

"Mpimaji gani?"

"Wa ardhi. Kornelio, anatoka Tanga. Anakuja kupima shamba nipate hati. Tulipanga siku Ijumaa, kwa simu hiyo hapo. Bondeni huku simu za mkononi hazishiki."

"Nani mwingine alijua ni Alhamisi?"

"Hakuna. Mimi, Raheli na Kornelio."

"Na Mungu," alisema Raheli. "Na wachawi. Neno tulilosema humu ndani limetoka nje na kurudi kwenye karatasi! Tangu Jumamosi nazungumza kwa kunong'ona, Inspekta. Hata kuomba naomba kimoyomoyo."

Hadija aliikunja ile karatasi. Hakuamini uchawi, lakini aliamini kesho, na kesho ilikuwa Alhamisi. Mtu mmoja alikuwa amekwisha kufa. Mwingine atapanda basi Tanga alfajiri bila kujua lolote.

"Mzee, una ugomvi wa mpaka na mtu?"

Mzee Emanueli alikawia kidogo. "Sina ugomvi na mtu."

Hadija aliuona ule ukawiaji na kuuweka akiba.

"Fundi alikuja kufanya nini?"

Mzee aliinuka akaleta daftari kubwa lenye jalada gumu. Kila ukurasa ulikuwa na safu za tarakimu, zimenyooka kama mistari ya vitunguu shambani.

"Hii ni mvua, milimita. Na hii ni kasi ya intaneti, kilobiti kwa sekunde. Napima asubuhi saa moja na jioni saa kumi. Mkono umezoea, nikikosa kupima kitu nasikia kuumwa."

"Nifafanulie kama mtoto wa darasa la pili."

Uso wa mzee ulichangamka kwa mara ya kwanza. "Intaneti hii inapita kwenye waya wa simu, shaba. Sasa shaba ni mfereji wa kumwagilia. Shamba likiwa mbali na chanzo, maji yanafika kidogo. Mimi niko kilomita tatu kutoka kwenye mitambo, kwa hiyo napata mia nne na tisini hivi. Kiungo cha waya kikiingia maji, kasi inashuka. Tazama: siku ya mvua, mia nne na kumi. Jua likiwaka, inapanda tena."

"Vizuri."

"Sasa tazama mwezi wa pili, tarehe kumi na moja."

Safu ya mvua ilisomeka sifuri. Sifuri wiki nzima. Lakini kasi ilikuwa imeporomoka hadi mia mbili tisini, na haikupanda tena.

"Nilipiga simu kulalamika miezi minne. Unajua ofisi zetu. Ndipo jana wakamtuma Faraji. Saa tano alinipigia akiwa juu ya nguzo, kwa simu yao ya kupimia. 'Pima sasa, Mzee.' Nikapima. Mia nne tisini na nne!"

"Kumbe alitengeneza."

"Alitengeneza. Lakini sauti yake haikuwa ya mtu aliyefurahi. Nikamuuliza tatizo lilikuwa nini. Akasema, 'Nimeliona, Mzee. Ila kabla sijaandika ripoti, kuna mtu lazima nikamwamkie.'"

"Nani?"

"Hakusema."

Hadija alishuka na kidole kwenye ukurasa. Jumanne, saa moja: 288. Saa tano: 494, imepigiwa mstari. Saa kumi: 287.

Alirudia kusoma. Kisha akasoma tena.

"Mzee, saa kumi jana ulipima mwenyewe?"

"Mwenyewe. Nilisikitika, nikasema kesho nimwite tena."

"Saa kumi Faraji alikuwa amekwisha kufa." Hadija alilifunga daftari taratibu. "Maiti haipandi nguzo kuunga waya. Kuna mtu alipanda baada yake akarudisha ule ubovu. Anautaka. Koplo, ubovu huo una kazi gani?"

Raheli ndiye aliyejibu, mkono mdomoni. "Tawi la mfereji. Mtu anatusikiliza."

Wote waligeuka kuitazama simu ya mezani, nyeusi, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma.

"Faraji alinionya siku anaifunga intaneti," Mzee alisema kwa sauti ndogo. "Kila simu ya mezani lazima iwe na kichujio, hiki kisanduku cheupe. Simu isiyo nacho ikiinuliwa inapiga kelele kwenye waya, na hii taa ya modemu, kisanduku cha intaneti, inazimika. Yetu inacho. Lakini taa huwa inazimika tukiongea na binti yetu. Nilidhani ni upepo, kumbe ni simu nyingine isiyo nacho."

Hadija alimwita Ibrahimu pembeni. Alimwagiza ashuke kituoni na gari na apige simu ya nyumba hii saa nane kamili. Kisha akamwambia Raheli: "Hatutanong'ona tena, Mama. Leo tutasema kwa sauti."

Saa nane kamili simu ililia. Raheli aliruka. Hadija aliacha ilie mara tatu, akiitazama taa ya modemu, ya kijani, imetulia. Aliinua mkono wa simu. Taa haikutikisika.

"Haloo?"

"Afande, ni Ibrahimu."

Moja, mbili, tatu. Taa ilipepesa, ikazimika.

Hadija aliukaza mkono wa simu sikioni. Hapa ndani walikuwa watu watatu, na wa nne alikuwa ameingia bila mlango kufunguka. Alikuwepo, anapumua mahali fulani kwenye huo ukungu, sikio lake likiwa karibu na mdomo wa Inspekta kuliko la mtu yeyote chumbani. Raheli alifumba macho akaanza kuomba bila sauti. Hadija aliogopa, tuseme ukweli, na ilimbidi amkamate Raheli mkono ndipo aendelee.

"Sikiliza, Koplo. Nguzo ile hatukuigusa juu. Kesho alfajiri wataalamu wa alama za vidole wanatoka Tanga. Aliyeshika zile nyaya ameacha vidole vyake pale."

"Sawa, afande. Tuweke mlinzi?"

"Wa nini? Nani atakwenda kule na baridi hii?"

Alikata. Sekunde mbili baadaye taa ya kijani iliwaka tena.

Saa kumi kasoro robo, Hadija na Ibrahimu walikuwa wamelala kifudifudi kwenye mahindi, matone ya ukungu yakiwaingia shingoni. Hawakusikia ndege wala mbuzi. Kisha wakasikia nyayo.

Mtu alitokea kwenye ukungu akiwa na ngazi ya miti begani. Aliiegemeza kwenye nguzo, akaijaribu mara mbili kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote, akapanda na kitambaa mkononi. Hadija alitoka mahindini akiwa ameinama, akaishika miti miwili ya ngazi.

"Shuka polepole, Mzee. Ngazi nimeishika mimi."

Yule mtu hakupiga kelele. Alitazama chini, na Ibrahimu akatamka jina kwa mshangao: "Mzee Hezekia!"

Alishuka. Blanketi hakuwa nalo. Lilikuwa kwenye chumba cha maiti, juu ya Faraji.

"Nilikuja kuangalia mwanangu alikofia," alisema.

"Na kitambaa?"

"Cha machozi."

"Koplo, panda."

Ibrahimu alipanda. "Kuna nyaya mbili nyembamba, afande! Zimeungwa kwenye mstari wa Mzee Emanueli. Zinashuka kwenye ufa wa nguzo, zimepakwa udongo. Zinaingia ardhini."

"Zinaelekea wapi?"

Hadija alitazama shamba. Huko milimani hakuna shibiri ya ardhi isiyolimwa. Jembe hupita hadi kwenye kizingiti cha mlango, na waya ukiuzika kwenye maharage leo, kesho umekatwa. Ila pana sehemu moja ambayo jembe la Mshambaa haligusi, hata awe mlevi. Mbele yake, kuanzia chini ya nguzo, yalisimama masale, ile mimea ya majani marefu inayopandwa mpakani na makaburini, yamepangwa mstari mmoja hadi upande wa nyumba ya Hezekia.

"Mpakani," alisema. "Mzee, umezika waya chini ya masale?"

Ibrahimu alishuka, akamfunga Hezekia pingu.

Mzee Emanueli na Raheli walikuwa wamefika, wameshikana mikono. Hadija alimpa Ibrahimu jembe. Sale la kwanza liling'oka na mzizi wake, na chini yake ukaonekana waya. La pili vilevile. Wakati wote huo Hezekia alisimama mikono nyuma, pingu zimemkaa. Walifika la kumi na nne. Kando yake palikuwa na kaburi la saruji, safi, lenye maua ya plastiki, na msalaba ulioandikwa Rahabu Kaniki, 2006.

Ibrahimu aliinua jembe.

"Msichimbe hapo!" Hezekia alipiga magoti. "Nawaombeni. Hapo msiguse. Nitasema yote. Mwacheni mke wangu."

Hadija alimwashiria Koplo ashushe jembe. Alimpa Hezekia onyo la kisheria, akatoa kalamu.

"Ulimuua Faraji Singano?"

"Ndiyo."

"Anza mwanzo."

"Mke wangu alipofariki nilichimba kaburi chini ya mti alioupenda. Nililia sana siku zile, sikuangalia mpaka. Tulipokwisha kuzika ndipo nikaona. Nimemzika kwa Emanueli. Hatua tatu ndani." Alimeza mate. "Nikayahamisha masale usiku mmoja, mpaka wote. Mimi, mzee wa kanisa."

"Hukumwambia?"

"Aibu. Na mwaka huu tukaambiwa mashamba yanapimwa, yanapewa hati, wawekezaji wanakuja, kila mtu ajue chake. Nikaona Emanueli akipata hati atauza, na wanunuzi watamfukua Rahabu. Sikulala, Inspekta. Simu ya kupimia nilikuwa nayo, ya enzi za kazi. Nikajiunga kwenye mstari wake nijue mpimaji anakuja lini. Sikutaka kingine. Barua niliandika kumtisha tu."

"Na Faraji?"

Hezekia alianza kulia.

"Kila fundi ana mkono wake wa kusokota shaba. Mimi nasokota mara saba, kisha narudisha ncha nyuma. Alipokiona kiungo alinijua. Angekwenda moja kwa moja ofisini, leo yuko hai! Lakini nilimfundisha adabu pamoja na kazi. Alikuja kwangu kwanza. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba. Akasema, 'Mwalimu, nimeutenganisha waya wako, lakini lazima niandike. Njoo useme mwenyewe kabla yangu, watakuhurumia.' Nikamsindikiza hadi kwenye nguzo, namsihi. Akapanda kuondoa nyaya zangu zisionekane, aninusuru na aibu. Alikuwa ananisaidia. Nikaona akishuka tu ataandika, na kesho kutwa mpimaji. Nikanyanyua ngazi."

"Mkanda hakuufunga kwenye nguzo."

"Chini alikuwepo mwalimu wake. Angeogopa nini?"

Raheli alikuwa amekaa chini kwenye majani, na woga wote wa siku zile ulikuwa umegeuka kitu kizito zaidi.

"Kisha ukapanda ukaunga tena, yeye akiwa chini pale."

"Nilitaka kujua kama wataahirisha upimaji."

Mzee Emanueli alisogea mbele.

"Hezekia, nilisoma vipimo miaka thelathini na moja. Unadhani masale yanahama hatua tatu nisione? Niliyaona asubuhi yake."

Hezekia aliinua uso.

"Niliyaona, nikanyamaza. Mtu ana msiba. Nikasema, atakuja mwenyewe aniombe, na mimi nitamwambia chukua. Nilingoja miaka miwili. Hukuja. Nami nikafanya kiburi, sikukufuata."

"Lakini ulimwita mpimaji! Nilikusikia. Ulimwambia njoo, upime mpaka wa upande wa Kaniki!"

"Njoo ndani," alisema Mzee Emanueli. "Inspekta, naomba aje ndani."

Hadija aliruhusu. Ibrahimu alikata waya kwa koleo, wakaingia sebuleni. Taa ya modemu ilikuwa ya kijani. Mzee alifungua barua pepe na kumgeuzia Inspekta kompyuta. Hadija aliisoma kwa sauti, kwa kuwa Hezekia hakuwa na miwani.

"'Ndugu Kornelio, nyongeza ya mazungumzo yetu ya sasa hivi. Mpaka wa upande wa Kaniki uandike kama masale yalivyo leo, si kama ramani ya zamani. Kuna kaburi la mke wake pale na nataka libaki kwake kisheria, mimi nikifa watoto wangu wasije kumsumbua. Sikulisema kwenye simu kwa sababu mke wangu alikuwa karibu, naye hajui. Usimwambie Kaniki kwamba nilijua. Ataona haya.'"

Raheli alimtazama mumewe. Hezekia aliisogelea skrini.

"Uliituma lini?"

"Ijumaa. Dakika kumi baada ya ile simu."

"Ilipita wapi?"

"Kwenye waya huohuo, Hezekia. Tunao mmoja tu. Wewe ulisikia sauti. Barua ilipita palepale ulipotega sikio, na hukuisikia."

Hezekia Kaniki aliketi sakafuni na pingu zake. Aliuliza kama mke wa Faraji ameshaambiwa, Hadija akamjibu kwamba ameambiwa. Hakuuliza tena. Walipompeleka garini alitembea mwenyewe, na hakugeuka kulitazama kaburi.

Kulipokucha Alhamisi, mpimaji Kornelio alikuja akaenda, akiwa hai, akaandika mpaka kama barua ilivyosema. Saa moja asubuhi hiyo Mzee Emanueli alikuwa amekwisha kupima. Mvua, sifuri. Kasi, 495. Aliziandika tarakimu hizo kwenye safu zake, zimenyooka kama siku zote, kisha akaweka kalamu chini na kulia kwa sauti, na Raheli akamwacha alie.